Jasi ya Makanya na Jaribio Lisilo na Jibu Kitabuni

Aghalabu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kemia huingia maabara akiwa amekwishalijua jibu atakiwalo kulipata, na akilikosa huzigeuza tarakimu zake mpaka zilingane na kitabu. Ada hiyo ndiyo waliyokusudia kuiondoa Gabriela Weaver wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wenziwe, walipoanzisha mwaka 2004 mpango uitwao CASPiE, ambamo swali la kweli la mtafiti hufanywa mafunzo ya majuma machache: kwanza wanafunzi huizoeza mikono yao njia za upimaji, kisha hutunga maswali yao juu ya jambo ambalo hata mwalimu hana jibu lake.

Tadbiri hiyo yaweza kufuatwa pasipo mitambo ya thamani kubwa. Wilayani Same, chini ya Milima ya Upare, huchimbwa huko Makanya jasi iendayo viwanda vya saruji, ambako huzuia saruji isigande mara tu ikutanapo na maji. Na thamani yake hutegemea usafi wake.

Usafi huo waweza kupimwa kwa maji yapoteayo jasi ipashwapo moto; lakini ili kuizoeza mikono, yafaa kuanza na mrututu, ambao asilimia 36.1 ya uzani wake ni maji, na ambao ukipashwa moto polepole katika kibakuli cha kauri, ubuluu wake hufifia hata ukawa mweupe. Hapo jibu lajulikana, na aliyekosea huliona kosa lake. Ndipo ije jasi, ambayo ikiwa safi huchukua maji asilimia 20.9, ilhali ile ya machimboni huweza kuchanganyika na udongo na mawe ya chokaa. Tuseme gramu 100 zimepoteza gramu 16.7: jasi halisi ni takriban asilimia 80, kwa sharti kwamba sampuli ilikaushwa kwanza kwa joto lisilozidi nyuzi 45, ili unyevu wa udongo usihesabiwe, na kwamba tanuri halikupita sana nyuzi 230, kwa kuwa moto ukizidi mno, chokaa nayo hutoa hewa ya kaboni, na jasi ikadhaniwa safi kuliko ilivyo.

Basi makundi mawili yaliyopima gunia moja yakihitilafiana, mwalimu asiwape jibu. Na yarudie kupima mpaka uzani usibadilike, kila moja litoe hoja zake, na alama zitolewe kwa hoja hizo.