Kabla ya Chuma, Shuka

Anayetaka kuujua ustadi wa daktari bingwa wa mifupa asianzie chumba cha upasuaji. Asimame mapokezi ya dharura anapoingizwa majeruhi wa bodaboda: viganja vimepauka, presha inashuka, na jeraha la kutoa damu halionekani. Damu iko ndani. Fupanyonga ni duara. Mifupa miwili ya nyonga imeushika mfupa wa sakramu kwa nyuma, ikakutana mbele kwenye kinena. Duara likifunguka, nafasi ya ndani hutanuka, na vena zilizotandaa mbele ya sakramu, pamoja na mfupa wenyewe uliovunjika, humwaga lita za damu bila hata tone kutoka nje.

Hapo ndipo ninapousifu mkono unaojua kujizuia. Daktari anayesomea ubingwa hutamani kuitikisa nyonga apate uhakika. Kuitikisa ni kuling'oa donge la damu lililokwisha kuziba. Mwalimu mzuri humzuia, kisha huomba shuka. Hukunjwa, hupitishwa chini ya mgonjwa, hukazwa usawa wa vifundo vya mifupa ya mapaja vinavyopapasika ubavuni mwa nyonga, si juu kiunoni ambako mikono mingi hukimbilia. Magoti huletwa pamoja, nyayo huelekezwa ndani na kufungwa. Shuka ya wodini tu! Ikikaa mahali pake, duara hufumba, na mgonjwa hupata muda wa kuongezewa damu na kuchomwa asidi ya traneksamiki ndani ya saa 3 tangu ajali.

Tone la damu kwenye tundu la mkojo nalo lina amri yake: mpira wa mkojo usisukumwe kabla njia haijachunguzwa.

Chuma huja baadaye, na macho huja kabla ya chuma. Mwaka 1964 Wafaransa Judet na Letournel walichapisha mpangilio wa mivunjiko ya kikombe cha nyonga unaotumika mpaka leo. Ili kuusoma, mgonjwa hupigwa eksirei akiwa ameinuliwa nyuzi 45, upande mmoja kisha wa pili. Naamini masaa ya kukodolea picha hizo ndiyo shule yenyewe.

Kisha skrubu ya sakramu, inayopita jirani kabisa na neva za mguu. Kabla ya nusukaputi mgonjwa huambiwa ainue kidole gumba cha mguu, na jibu huandikwa kwenye faili. Akizinduka, huambiwa tena.