Macho Hayana Pazia: Hamlet, Baba wa Kambo na Simu ya Mtoto

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Methali hiyo aghalabu husemwa kumtetea mtu aliyeona jambo bila ya kukusudia. Lakini siku hizi limezuka jicho jingine ambalo limetengenezwa kwa makusudi ya kuona, nalo ni jicho la simu. Simu aliyo nayo mtoto hupokea ishara za setelaiti, angalau nne kwa wakati mmoja, ikapiga hesabu ya mahali ilipo. Penye paa au majengo marefu husaidiwa na minara ya simu na mitambo ya Wi-Fi iliyo karibu. Kisha programu huipeleka habari hiyo katika simu ya mzazi, naye akaona nukta ikitembea juu ya ramani.

Je, ni haki mzazi kumfuata mtoto kwa njia hiyo? Swali ni gumu hata katika nyumba yenye baba mmoja na mama mmoja. Linakuwa gumu zaidi katika familia iliyoundwa upya, yaani ile ambayo mume au mke, au wote wawili, wameingia na watoto wa ndoa ya awali. Humo kuna baba wa kambo au mama wa kambo, na mara nyingi kuna nyumba ya pili anakoishi mzazi mwingine. Nani basi ana haki ya kuitazama ile nukta?

Katika makala haya nakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuihakiki tamthilia ya Hamlet, aliyoiandika William Shakespeare yapata mwaka 1600. Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa Shakespeare, kwani Mwalimu Julius Nyerere alitupatia tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hamlet tuliisoma wengi wetu tukiwa wanafunzi, tukafundishwa kuwa ni tamthilia ya kisasi. Hiyo ni kweli. Lakini pia ni tamthilia ya wazazi wanaomchungulia mtoto, na mmoja wa wazazi hao ni baba wa kambo.

Baba wawili

Mfalme wa Denmark amefariki. Ndugu yake, Claudius, amemwoa mjane Gertrude na kutwaa kiti cha enzi. Kwa lugha yetu, Claudius ni baba kwa njia mbili: ni ndugu wa marehemu, kwa hiyo kwetu angeitwa baba mdogo, na ni mume wa mama, kwa hiyo ni baba wa kambo. Katika jamii zetu nyingi, desturi ya ndugu kumrithi mjane ilijulikana vema, wala jina la baba halikumtia mtoto uchungu. Hamlet yeye analikataa. Mapema katika onyesho la pili la tendo la kwanza, Claudius anamwita mwanawe, naye anajibu kwa kejeli. Hapo hapo Claudius anamsihi asirejee masomoni Wittenberg, bali abaki karibu yake. Laertes, mtoto wa mshauri Polonius, amekwisha kupewa ruhusa ya kurudi Paris.

Msomaji wa haraka atasema: baba wa kambo anamfunga mtoto, baba wa damu anamwachia. Ndivyo tulivyozoea kuwafundisha wanafunzi pia: katika hadithi, mzazi wa kambo ni mkatili, na hapo uhakiki unakoma. Shakespeare hakuridhika na jibu hilo jepesi. Polonius anamuaga Laertes kwa nasaha na baraka. Lakini tendo la pili linapofunguliwa, tunamkuta akimtuma mtumishi wake Reynaldo kwenda Paris kumpeleleza mwanawe huyo huyo. Anamwagiza hata amzulie Laertes makosa madogo madogo mbele ya marafiki zake, ili wavutwe kusema wanayoyajua. Reynaldo mwenyewe anaona haya, anauliza kama jambo hilo halitamvunjia kijana heshima. Katika onyesho linalofuata, Claudius na Gertrude nao wanawaita Rosencrantz na Guildenstern, rafiki wa utotoni wa Hamlet, ili wachunguze kinachomsibu.

Maonyesho hayo mawili hayakuwekwa sambamba kwa bahati. Mwandishi anatuonyesha kwamba kosa halimo katika damu wala katika kambo. Baba mzazi na baba wa kambo wanatenda tendo moja, na wote wawili wanasema wanamtakia mtoto mema. Kosa limo katika kificho. Tena tuangalie faida iliyopatikana: Reynaldo harudi tena jukwaani, na Polonius anakufa kabla hatujasikia habari yoyote kutoka Paris. Ama Rosencrantz na Guildenstern, Hamlet anawauliza waziwazi kama wametumwa. Wanasitasita, kisha wanakiri. Baada tu ya kukiri, ndipo Hamlet anapowaeleza kwa kirefu jinsi furaha ilivyomtoka. Sababu anaificha, lakini hakuna mpelelezi aliyepata kwa ujanja nusu ya yale yaliyopatikana kwa ule ukweli mdogo.

Swali la "Yuko wapi?"

Programu za simu hujibu swali moja: mtoto yuko wapi? Swali kama hilo limo pia katika tamthilia, na mara mbili jibu lake ni mtego. Mara ya kwanza, Hamlet anamwuliza Ophelia alipo baba yake. Ophelia anajibu kuwa yuko nyumbani, hali Polonius na Claudius wamejificha papo hapo wakisikiliza. Mara ya pili, Polonius amekwisha uawa, na Claudius anamwuliza Hamlet alipo mzee huyo. Hamlet anajibu kwa mafumbo, kwamba yuko kwenye chakula cha jioni, akimaanisha kuwa analiwa na funza.

Mahali, basi, si habari kamili. Nukta juu ya ramani yaweza kusema kwamba mtoto yuko shuleni, isiseme kwamba anaonewa huko. Na kwa hakika haisemi hata alipo mtoto. Inasema ilipo simu. Mtoto mwerevu humwachia rafiki simu akaenda zake, na mzazi akalala usingizi mtamu akiilinda simu.

Mama na pazia

Kiini cha mjadala wetu kimo katika onyesho la nne la tendo la tatu. Polonius anajificha nyuma ya pazia zito la ukutani katika chumba cha Gertrude, ili asikilize mama akizungumza na mwanawe. Gertrude anajua, naye amekubali. Hili ndilo linaloumiza. Mama mzazi ana haki ya kumwuliza mwanawe lolote. Lakini je, aweza kumpa mtu mwingine haki hiyo bila ya mtoto kujua? Mama anayempa mume mpya nywila ya programu, naye mtoto haambiwi, amefanya alivyofanya Gertrude. Matokeo tunayajua: Hamlet anasikia sauti nyuma ya pazia, anachoma upanga akidhani ni mfalme, kumbe ni Polonius. Mazungumzo ya kweli kati ya mama na mwana yanaanza pale ambapo nyuma ya pazia hapana tena msikilizaji aliye hai.

Tusisahau pia kwamba anayepelelezwa hujifunza kupeleleza. Hamlet anamwomba Horatio amkazie macho Claudius wakati mchezo unapoigizwa mbele ya mfalme. Akiwa safarini kupelekwa Uingereza, anafungua kwa siri barua ya mfalme, anaandika nyingine, na wale rafiki wawili wanapelekwa kwenye mauti yao. Nyumba iliyoanza kwa kuchunguliana inakwisha kwa maiti.

Kundi moja, nyumba mbili

Atatokea msomaji atakayepinga: Hamlet ni mtu mzima, na Claudius ni muuaji, wazazi wetu si wauaji, na watoto wetu ni wadogo. Pingamizi hilo lina uzito. Mtoto wa miaka minane aliyepotea sokoni hahitaji falsafa, anahitaji kupatikana. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Uganda imeuridhia, unamlinda mtoto katika faragha yake kwa kifungu cha 10, lakini kifungu hicho hicho kinawaachia wazazi na walezi haki ya usimamizi ulio wa kiasi. Neno "kiasi" ndilo la kulifanyia kazi.

Katika familia iliyoundwa upya kiasi hicho huvurugwa kwa urahisi, na vyombo vyenyewe huchangia. Kundi la familia katika huduma za Google, na vivyo hivyo katika huduma za Apple, huwa na watu wasiozidi sita, na mtu hawezi kuwa katika makundi mawili kwa wakati mmoja. Aliyeutengeneza mpango huo alikuwa na picha ya nyumba moja yenye wazazi wake. Mtoto anayelala siku nne kwa mama na siku tatu kwa baba hana budi kuandikwa upande mmoja, na upande wa pili ukabaki nje. Tena nukta ya mtoto haimwonyeshi mtoto peke yake. Anapokuwa kwa mama, inaonyesha pia nyumba ya mama, safari za mama, na wageni anaowatembelea pamoja na mtoto. Mtoto amegeuzwa Rosencrantz bila ya kuulizwa.

Na nyuma ya pazia yaweza kuwako mtu wa tatu. Desemba 2021, gazeti la mtandaoni la The Markup nchini Marekani lilifichua kwamba kampuni ya Life360, ambayo programu yake hutumiwa na familia nyingi, ilikuwa ikiwauzia madalali habari za mahali walipo watumiaji wake. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kuwa ingepunguza sana mauzo hayo.

Hitimisho

Tamthilia hii ina upungufu wake. Haituonyeshi mlinzi hata mmoja anayelinda kwa uwazi, wala haimpi Gertrude nafasi ya kutueleza jinsi anavyovutwa huku na mume na huku na mwana. Kazi hiyo tumeachiwa sisi. Kwa maoni yangu, mtoto na aambiwe kwamba anafuatiliwa, na nani anatazama, na kwa muda gani. Nyumba zote mbili na zijue. Mzazi wa kambo asishike ufunguo aliopewa kwa siri. Akistahili kuushika, mtoto na aambiwe mbele yake. Na kila mwaka mtoto anaoongeza, jicho lipunguzwe.

Wenzangu walimu, mada hii yafaa sana kwa mdahalo darasani, kwa kuwa miongoni mwa wanafunzi wetu wamo wengi wenye nyumba mbili. Tuwaache waseme wao kwanza. Mwenye kuona vingine na ashike kalamu, kurasa hizi ni zetu sote.