Mitupo 28 Iliyoiangusha Georgetown

Aprili 1, 1985, mjini Lexington, Kentucky, Villanova waliifunga Georgetown 66-64 na kutwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu Marekani. Kila anayeusimulia mchezo ule huanza na asilimia: Villanova walirusha mara 28, zikaingia 22, yaani asilimia 78.6. Ndiyo maana wengi huuita mchezo wa bahati. Kwangu mimi siri imo kwenye ile 28.

Georgetown walikuwa mabingwa watetezi, na msimu mzima walikuwa wamepoteza michezo miwili tu. Kocha John Thompson aliijenga timu yake juu ya ulinzi: presha uwanja mzima, na ukiivuka unamkuta Patrick Ewing chini ya kikapu. (Ni Thompson huyohuyo aliyemnoa Dikembe Mutombo wa Kinshasa miaka michache baadaye.) Villanova walishakutana nao mara mbili msimu ule, wakafungwa zote mbili.

Mashindano yale hayakuwa na saa ya kulazimisha timu irushe. Kocha Rollie Massimino aliutumia mwanya huo bila haraka. Vijana wake walipasiana hadi mlinzi mmoja achelewe hatua, ndipo wakarusha. Kipindi cha pili walirusha mara 10 tu, wakakosa moja. Harold Jensen, aliyetokea benchi, alirusha mara tano usiku ule na zote zikaingia.

Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Presha iliwauma: walipoteza mpira mara 17, Georgetown mara 11. Georgetown walirusha mara 53, karibu mara mbili yao, wakaingiza 29. Vikapu saba zaidi! Timu yenye vikapu saba zaidi inafungwaje?

Jibu liko kwenye mstari wa mitupo huru. Villanova waliingiza 22 kati ya 27. Georgetown sita kati ya nane. Vikapu saba ni pointi 14, tofauti ya mitupo huru ni pointi 16. Hizo mbili zinazobaki ndizo ubingwa.

Na hapo ndipo ninapompa Massimino heshima yake yote. Alikuwa akibadilisha ulinzi wake wa zoni mara kwa mara, watu wakimzunguka Ewing mbele na nyuma ili mpira usimfikie akiwa karibu na kikapu. Ewing alimaliza na pointi 14. Ed Pinckney, aliyepambana naye usiku ule, akapata 16. Zoni ile haikuwazuia Georgetown kufunga, maana asilimia 55 si haba. Ila iliwaweka mbali, na mrushaji wa mbali hachezewi faulo kirahisi.

Zikiwa zimesalia kama dakika mbili na nusu, Georgetown wakiongoza 54-53, Jensen alipokea pasi pembeni kulia, akarusha, ikawa 55-54. Kuanzia hapo Georgetown ndio waliokimbizana na muda, wakalazimika kufanya faulo, na Villanova wakamalizia kazi mstarini.

Msimu uliofuata vyuo vilianza kutumia saa ya sekunde 45. Kwa saa ile, siamini Villanova wangemaliza dakika 40 kwa mitupo 28, wala siamini mitupo ya kuharakishwa mbele ya Ewing ingeingia kwa kiwango kile.