Heko kwa Bodi Inayodai Madeni

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania husifiwa majina ya waliopata mkopo yanapotoka, na hulaaniwa inapokata mshahara. Mimi naipongeza kwa hilo la pili. Sheria iliyoiunda mwaka 2004 iliifanya fedha ya masomo kuwa deni, si zawadi: anachorejesha mwalimu au mhasibu wa leo husaidia kulipa ada, chakula na malazi ya mtoto wa mkulima anayeingia chuo. Ufadhili wa wahisani ni mzuri, lakini mara nyingi huwachagua wachache wenye alama za juu kabisa, na mhisani akibadili nia, basi tena. Mkopo humfikia hata mwenye ufaulu wa kawaida, ilimradi uhitaji wake uthibitike.

Wapo wanaosema makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yanamwelemea kijana anayeanza maisha. Ni kweli, hasa ikizingatiwa kuwa awali yalikuwa asilimia 8. Hata hivyo, mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa, na deni likaacha kuvimba kila mwaka. Lalamiko zito zaidi ni la vyeti: yatima asiye na cheti cha kifo cha mzazi hana namna ya kuuthibitisha uyatima wake. Lakini bila uhakiki wa vyeti unaofanywa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), wajanja wangezijaza nafasi zote. Kwa hiyo mwombaji ashughulikie vyeti akiwa bado kidato cha sita, asisubiri dirisha la maombi lifunguliwe.