Fundi wa Somo la Kwanza

Wapo mafundi ambao hatuwasifu vya kutosha, na mmoja wao ni mwalimu wa kompyuta anayempokea mwanafunzi kutoka Itebero, mashariki mwa Kongo. Kijana huyo amefaulu mtihani wa serikali, ameshika barabara ya Hombo hadi Bukavu, na kibodi anaigusa kwa mara ya kwanza chuoni. Bati linalounganisha vipuri vya kompyuta huchimbwa kwao Walikale, kule Bisie, lakini yeye hajui kwamba kidole kikikawia, herufi moja itajaza mstari mzima. Jirani yake wa mjini anaandika bila kutazama vidole. Siku ya pili kijana wetu anaanza kujiuliza kama amekosea mlango.

Mwalimu hodari haanzi na mashine. Anawasimamisha wanafunzi wanane wajipange kwa urefu, ila kwa sharti: wapimane wawili wawili tu, walio jirani, na mrefu ahamie kulia. Wanasukumana, wanacheka, wanarudia mpaka hakuna wa kuhama. Ndipo anapouliza: mmepimana mara ngapi? Mkiwa themanini je? Hiyo ndiyo sayansi ya kompyuta yenyewe, na umeme ukikatika somo haliharibiki. Mazoezi ya aina hii Tim Bell wa New Zealand na wenzake wameyaeneza tangu miaka ya 1990.

Kisha kuna ufundi wa kugawa nafasi. Wakikaa wawili kwenye mashine moja, mara nyingi mvulana anashika kipanya na msichana anageuzwa karani. Mwalimu mzuri anawabadilisha kabla hawajazoea. Anayerusha maneno makubwa ili aonekane, anamwita pembeni baada ya kipindi, kwa upole. Na ujumbe wa kosa unapotokea kwa Kiingereza, katika darasa linalofundishwa kwa Kifaransa, anausoma pamoja nao kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Haya yana matunda. Chuo cha Harvey Mudd, Marekani, pamoja na hatua nyingine, kiliwatenga wanaoanza na wazoefu katika somo la kwanza la kompyuta. Ndani ya miaka michache wanawake katika fani hiyo chuoni hapo walipanda kutoka karibu asilimia 10 hadi 40.

Vyuo vyetu vingi humwachia mwaka wa kwanza msaidizi aliyeajiriwa jana. Ningekuwa na sauti, ningeukabidhi kwa mwalimu aliyekomaa kuliko wote, na saa za jioni za maabara wangepewa kwanza wasio na mashine nyumbani.