Saa Iko Mbele au Inakimbia? Maoni juu ya Tafsiri ya Istilahi za Saa

Tumeletewa, ili tukitolee maoni, kijitabu kilichofasiriwa kwa Kiswahili juu ya matunzo ya saa ya mkono ya thamani, ile isiyotumia betri bali kamani. Lugha yake ni fasaha na sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, katika sura ihusuyo kutambua kasoro za saa isiyoshika majira, mfasiri amechanganya mambo ambayo Kiswahili chenyewe kilikwisha kuyatenga. Mkanganyiko huo si wa maneno matupu, kwani mwenye saa ataulipia kwa fundi.

Kwanza, kijitabu chaagiza kwamba saa ikiwa mbele ipelekwe kwa fundi. Kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba saa iko mbele si sawa na saa inakimbia. Usemi wa kwanza wataja hali: huenda mwenyewe aliiweka mbele makusudi asichelewe kazini, na dawa yake ni kurudisha mishale tu. Usemi wa pili wataja mwendo: saa huongeza sekunde kadhaa kila siku, hata ikirekebishwa asubuhi. Hiyo ndiyo kazi ya fundi. Hivyo twapendekeza istilahi mwendo wa siku kwa kiasi ambacho saa huzidisha au kupunguza katika siku moja yenye sekunde 86,400. Waswisi wasemao Kifaransa nao hutumia kwa dhana hii neno lao lenye maana ya mwendo.

Pili, neno usahihi limebebeshwa mizigo miwili. Tuchukue saa mbili. Moja huzidisha sekunde 8 kila siku bila kubadilika. Nyingine leo huzidisha 15, kesho hupunguza 15, hata mwisho wa juma ikaonekana haina kosa. Kwa lugha ya kijitabu, hii ya pili ndiyo sahihi zaidi. Kwa fundi, ya kwanza ni saa nzima ihitajiyo kurekebishwa kidogo tu, na ya pili ina kasoro ya kutafutwa ndani. Taasisi rasmi ya Uswisi ya kupima saa, COSC, iliyoanzishwa mwaka 1973, haichanganyi mambo haya. Mtambo wa saa wa ukubwa wa kawaida hupimwa kwa siku 15, katika mikao 5 na viwango 3 vya joto. Wastani wa mwendo wa siku hutakiwa uwe kati ya kupunguza sekunde 4 na kuzidisha 6. Na mbali na hilo, wastani wa mabadiliko ya mwendo usizidi sekunde 2. Basi usahihi ubakie kwa kuwa karibu na majira ya kweli, na uthabiti wa mwendo utumike kwa kutobadilika.

Tatu, kijitabu chasema saa "imeharibiwa na sumaku". Kitenzi hiki chapotosha. Sumaku huifanya mizingo ya kamani nyembamba, ile iongozayo gurudumu la mizani, ishikamane. Kamani huwa kama iliyofupishwa, gurudumu hupembea upesi, na saa yaweza kukimbia dakika nzima au zaidi kwa siku. Lakini mara nyingi hakuna kilichoharibika: fundi huipitisha kwenye kifaa cha kuondoa sumaku, na kazi huisha kwa muda mfupi. Asomaye "imeharibiwa" atakubali saa ifunguliwe yote na kulipia kazi isiyohitajika. Twapendekeza saa imeshikwa na sumaku.

Nne, neno amplitudi limeachwa bila maelezo, ilhali ndilo liwezalo kuonyesha kwamba saa yahitaji kufunguliwa kweli. Gurudumu la mizani la saa nyingi za siku hizi, saa ikiwa imejazwa na kulazwa, hupembea kiasi cha digrii 270 hadi 310. Mafuta yakikauka au uchafu ukiingia, mpembeo hupungua. Upana wa mpembeo ungeeleweka na mwanafunzi wa ufundi siku ya kwanza.

Yawezekana mtu akauliza kwa nini tushughulikie chombo ambacho saa ya kuatsi, iliyoingia sokoni mwaka 1969, imekishinda kwa kushika majira. Jibu letu ni kwamba wafasiri wa vitabu vya mitambo mingine hukumbana na mtego uleule: hali na mwendo, usahihi na uthabiti, kuharibika na kushikwa. Mfasiri hana budi kwanza kuuliza fundi afanye nini baada ya kusoma neno lake. Ikiwa kasoro mbili zataka tiba mbili, nazo zapaswa kuwa na majina mawili.

Twawaomba walimu wa ufundi na mafundi saa watuletee maneno wayatumiayo kazini, ili mapendekezo haya yapimwe kabla ya kusanifiwa.