Wati Mbili na Debe Tupu: Uhakiki wa Kikao cha Usikilizaji

Waswahili husema debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi katika Idara yetu, na kila mara tumeieleza kwa kuwalenga watu wenye maneno mengi na vitendo vichache. Hatukuwahi kufikiri kwamba siku moja tungeitumia kuhakiki vyombo vya sauti, wala kwamba baada ya kuhakiki vyombo hivyo tungelazimika kujihakiki sisi wenyewe. Hayo ndiyo yaliyotukuta, na ndiyo tunayokusudia kuwaeleza wasomaji wetu katika makala haya mafupi.

Mwaka 2023 wawili wetu tulikwenda Bayreuth, Ujerumani, kuhudhuria kongamano la Kiswahili ambalo limekuwa likifanyika huko tangu miaka ya 1980. Baada ya kongamano kumalizika, mwenyeji wetu, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili, alitualika tufuatane naye siku ya Jumapili hadi kijiji kimoja cha jirani. Katika ukumbi wa kijiji hicho walikuwa wamekusanyika watu wapatao thelathini, wengi wao wastaafu, ambao hujitengenezea amplifaya na spika kwa mikono yao. Hawakuja kuuza kitu. Walikuja kusikiliza tu, tangu asubuhi hadi magharibi, wakibadilishana vyombo mezani na kubishana kwa upole.

Kabla hatujaendelea, ni vyema tutaje tatizo la istilahi. Katika magazeti na hata katika baadhi ya vitabu vyetu vya kiada, neno "kipaza sauti" hutumika kwa vifaa vitatu tofauti: kile anachoshika msemaji mkononi, kile kinachoongeza nguvu za umeme, na kile kinachotoa sauti ukumbini. Mhakiki hawezi kufanya kazi kwa neno la namna hiyo, kwa sababu hoja yake yote inategemea kujua ni kifaa kipi kati ya hivyo vitatu kinachostahili sifa au lawama. Kwa hiyo tutatumia maneno yanayotumiwa na mafundi wetu wa mitaani, yaani maikrofoni, amplifaya na spika.

Amplifaya tulizozikuta pale zilikuwa za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka taratibu kama makaa, ambazo wazee wetu wanazikumbuka katika redio za zamani. Historia yake ni fupi. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming, Mwingereza, alitengeneza valvu yenye sehemu mbili: katodi inayopashwa moto hadi ikatoa elektroni, na anodi inayozivuta elektroni hizo. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliweka kiungo cha tatu katikati yao, yaani gridi. Umeme mdogo sana ukifikishwa kwenye gridi, huongoza mkondo mkubwa unaopita kutoka katodi kwenda anodi, kama vile mkono wa mtoto unavyoweza kufungua na kufunga bomba la maji. Valvu hii ya viungo vitatu huitwa triodi. Transista ilipobuniwa mwishoni mwa 1947 na kuenea katika vyombo vya nyumbani miaka ya 1960, triodi ilionekana kuwa imepitwa na wakati.

Amplifaya ya kwanza tuliyoonyeshwa ilitumia triodi inayoitwa 45, aina iliyotoka mwaka 1929. Uwezo wake ni takriban wati 2. Ya pili ilitumia 300B, valvu ya Western Electric ya mwaka 1938, nayo hutoa takriban wati 8 inapotumiwa peke yake. Tunakiri kwamba tulitazamana. Spika tulizozinunua kwa ajili ya darasa letu la usikilizaji zimeandikwa ubavuni wati mia kadhaa, na tulijivunia namba hiyo tulipokuwa tukisaini hati ya kuzipokea. Wati mbili zingewezaje kuujaza ukumbi?

Jibu liko katika spika. Spika nyingi za nyumbani, zikipewa wati 1 na mtu akasimama umbali wa mita 1, hutoa sauti ya desibeli 85 hivi. Spika za pembe hutoa zaidi sana. Klipschorn, iliyobuniwa na Paul W. Klipsch wa Marekani katika miaka ya 1940, hufikia takriban desibeli 105 kwa wati hiyo hiyo moja. Tofauti ya desibeli 10 ni sawa na kuongeza umeme mara kumi, na tofauti ya desibeli 20 ni sawa na kuuongeza mara mia. Kwa maneno mengine, wati 2 kwenye spika ya pembe zinafanya kazi ambayo spika ya kawaida ingehitaji wati 200 kuifanya. Siri yenyewe si ngeni kwetu. Wazee wa Lamu na Pate waliijua walipopuliza siwa: pumzi ni ile ile ya mtu mmoja, lakini mdomo wa siwa unaopanuka hatua kwa hatua huiwezesha hewa ya nje kuipokea sauti badala ya kuipoteza.

Sasa tuje kwenye usikilizaji wenyewe. Tulikuwa tumebeba nakala ya wimbo "Masanga" wa Jean-Bosco Mwenda, mwanamuziki wa Katanga, uliorekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Ni gitaa moja na sauti ya mtu mmoja. Wimbo huu tumeusikia mara nyingi, na tulidhani tunaujua. Kupitia zile wati 2 tulisikia kidole kikiachia uzi kabla ya kingine kuushika. Tulisikia mwimbaji akivuta pumzi. Chumba kilinyamaza, na Mjerumani mmoja mzee aliyekuwa amekaa mbele yetu aliinamisha kichwa mpaka wimbo ukaisha. Hatuna haja ya kuficha kwamba tulifurahi sana.

Hata hivyo, uhakiki si kusifu tu. Tuliomba pia ichezwe taarab ya okestra, kutoka Culture Musical Club, chama kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1958. Kwa sauti ya chini ilikuwa tamu. Mwenyeji alipoongeza sauti, fidla zilianza kuyeyukiana, na ngoma ilipogonga, kila kitu kilitetemeka pamoja nayo. Wati mbili zilikuwa zimefika mwisho. Aidha, spika ile yenye koni moja tu, iliyounganishwa na 300B, ilikuwa nzuri kwa aliyekaa katikati. Aliyekaa pembeni alipata mabaki. Sauti za wanawake zilipopanda ziligeuka kuwa kali kidogo, kama mtu anayesema huku ameweka viganja mdomoni. Bei nayo haisemeki: jozi ya valvu za 300B za kampuni maarufu inaweza kuzidi mshahara wa mwezi wa mwalimu. Tena ndani ya amplifaya hizo mna umeme wa volti 300 na zaidi, ambao huweza kumuua fundi asiye mwangalifu hata baada ya swichi kuzimwa.

Lugha waliyoitumia wasikilizaji ndiyo iliyotuvutia zaidi. Neno lililorudiwa mara nyingi, kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, lilikuwa "uaminifu". Walisema triodi ni aminifu. Wanafunzi wetu wa tafsiri watalitambua neno hili mara moja, na watakumbuka mjadala wetu kuhusu tafsiri aminifu na tafsiri tamu. Ukweli ni kwamba triodi moja inayofanya kazi peke yake huongeza kitu ambacho hakikuwamo katika rekodi. Kila noti hupata kivuli chake kilicho juu kwa oktava moja, na kivuli hicho huongezeka kadiri amplifaya inavyokaribia kikomo chake. Sikio hukipenda kivuli hicho kwa sababu kinalingana na noti yenyewe. Basi hiyo ni tafsiri tamu. Hatusemi ni mbaya. Tunasema iitwe kwa jina lake, kwa sababu mfasiri anayeongeza asali katika matini na kisha akaapa kwamba hakuongeza kitu, huyo ametuchanganya.

Mchana tuliomba ruhusa ya jambo ambalo wenyeji wetu hawakulizoea. Tuliomba wachezewe watu wakisema, si wakiimba. Mmoja wetu alikuwa na rekodi ya mtihani wetu wa imla kwenye kompyuta yake. Ni orodha ya maneno na sentensi zilizosomwa na mwenzetu aliyezaliwa Pwani. Yamo maneno kama dhana na zana, thamani na samani, kura na kula. Kwa miaka kadhaa wanafunzi wetu wengi wamekuwa wakiandika "zana" pale palipotamkwa "dhana", na "samani" pale palipotamkwa "thamani". Sisi tuliweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, na katika ripoti zetu tukaandika "athari za lugha ya kwanza", kwa kuwa Kiganda na lugha nyingine nyingi za kwetu hazina sauti hizo.

Kupitia spika ya pembe kila neno lilisimama mahali pake. Mwenyeji wetu Mjerumani alizitenganisha th na s bila kusita. Kisha tukafikiri juu ya darasa letu, lenye spika kubwa zilizotundikwa karibu na dari, kuta tupu za saruji na madirisha yanayotazama barabara. Sisi wenyewe, tukiwa tumesimama nyuma ya darasa lile, tuliwahi kushindwa kutofautisha maneno hayo, tukajiambia kwamba tumechoka. Sauti kama s, th na f ni hafifu, na tofauti zake ziko juu sana katika mawimbi. Ndiyo maana simu ya kawaida ya waya, ambayo hupitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, hutulazimisha kutaja majina yetu herufi kwa herufi. Spika zetu zilikuwa na ngurumo nyingi na konsonanti chache. Debe tupu lilikuwa letu.

Baadhi ya wenzetu wangeishia hapo na kupendekeza Idara inunue valvu. Tungekosea. Kabla ya jua kuchwa, kijana mmoja alitoa amplifaya ndogo ya kisasa ya transista, ya bei nafuu, akaiunganisha na spika ile ile ya pembe. Tulicheza tena orodha yetu. Dhana ilibaki dhana, na zana ikabaki zana. Wimbo wa Bosco ulipoteza utamu kidogo kwa masikio yetu, lakini konsonanti hazikupotea hata moja. Kwa hiyo uamuzi wetu ni huu: utamu ulitokana kwa sehemu na triodi, ila uwazi ulitokana na spika, ukumbi, na umbali mfupi kati ya msemaji na msikilizaji. Anayeyachanganya mambo haya mawili atatumia fedha nyingi kununua asali wakati alichokosa ni maji.

Tuliporudi nyumbani tulirudia imla ile kwa kundi dogo, mwalimu akisoma kwa mdomo wake, akitembea kati ya madawati. Makosa ya dh na z, th na s, yalipungua sana. Makosa ya l na r yalibaki karibu vile vile. Hayo ya pili ndiyo tunayoweza kuyaita athari za lugha ya kwanza bila kuona haya. Yale ya kwanza, kwa sehemu kubwa, yalikuwa makosa yetu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kurudia kozi hii kwa sababu ya alama za imla. Alisharudia, akafaulu, akaondoka, na hatuwezi kumrudishia muhula wake. Tunaandika haya ili asipatikane wa pili.

Tunapendekeza mambo machache yasiyo na gharama. Kwanza, spika ndogo iliyowekwa karibu, usawa wa masikio, ni bora kuliko kubwa iliyo mbali. Pale pasipo na mwangwi, kupunguza umbali kwa nusu ni sawa na kuongeza umeme mara nne. Pili, madirisha yafungwe wakati wa mtihani, na kuta zipewe mapazia au hata vitambaa. Tatu, kabla ya mtihani wowote wa usikilizaji, walimu wawili wakae viti vya nyuma na waandike orodha ya jozi kama dhana na zana. Wakikosea wao, mtihani usifanyike kwa chombo hicho. Nne, inapowezekana, mwalimu asome mwenyewe.

Waswahili pia husema wembamba wa reli, garimoshi linapita. Tulipokwenda ukumbini kijijini tulicheka wati mbili. Tangu turudi, hatuulizi tena spika ina wati ngapi. Tunauliza aliyekaa nyuma amesikia nini. Wenzetu wa vyuo vingine waliokwisha kukutana na tatizo kama hili tunawaomba watuandikie, ili toleo lijalo liwe na uzoefu wao pia.